Cherehani yangu iko kwake, niifuate?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, ni fundi wa nguo za kike hapa Morogoro. Nimekulia nyumba ambayo baba alimpiga mama mbele yetu, na tukiingilia tunakula fimbo sisi. Mchumba wangu alianza kwa kukagua simu, yakafuata makofi, juzi akanipiga kabali mpaka macho yakaingia giza. Nimehamia kwa dada. Ila cherehani, niliyoinunua kwa pesa za kikoba, imebaki chumbani kwake. Anasema niifuate usiku, peke yangu. Mama anasema niyamalize kimyakimya. Hatujafunga ndoa, polisi watanicheka.
Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiende! Mwanaume aliyewahi kukukaba koo ana hatari kubwa ya kuja kukuua; hilo tunaoshughulika na kesi hizi tunaliogopa kuliko makofi kumi. Tena koo huumia kwa ndani bila alama nje, kwa hiyo hospitali ni leo, hata kama unameza vizuri.

Pitia kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari aijaze. Shambulio ni kosa, ndoa iwepo isiwepo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inamkataza hata mume kumpiga mkewe. Huyo mchumba ruhusa kaitoa wapi?

Cherehani ni mali yako. Beba risiti, daftari la kikoba na picha yoyote uliyopiga ukiwa unashona. Omba askari au mwenyekiti wa mtaa akusindikize, mchana, na dada awepo. Meseji zake za "njoo usiku" usizifute. Ukihitaji mwanasheria na mfuko hauruhusu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Afisa ustawi wa jamii atakuelekeza.

Mama yako usimkasirikie. Alinyamaza ili nyie mle na mlale ndani. Wewe una ufundi, una dada, na umeshatoka, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote niliyokuandikia hapa.

Wateja wasikukimbie: ongea na fundi mwenzio akuazime mashine jioni, mgawane malipo. Na pale dawati wakikuzungusha, omba kumwona mkuu wa kituo, usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo.