Maswali ya Wasomaji: Kujilinda Ugenini Si Woga

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni shabiki wa Simba tangu utotoni, na nimekuwa nikisoma jinsi unavyowatetea makocha wanaojaza viungo wakabaji kila timu zetu zinapokwenda ugenini katika mashindano ya Afrika. Timu inayoingia uwanjani ikiwaza kutofungwa itaupata wapi moyo wa ushindi? Kwangu mimi huo ni woga uliovishwa jina zuri. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, salaam zimefika. Nitakujibu kwa kumbukumbu za timu yako mwenyewe, kwa sababu sioni mfano ulio wazi kuliko huo. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Patrick Aussems, Simba ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na ikashinda mechi zake zote 3 za nyumbani: iliifunga JS Saoura 3-0, ikaifunga Al Ahly 1-0 kwa bao la Meddie Kagere, kisha AS Vita 2-1, Clatous Chama akipachika la ushindi dakika za mwisho pale Uwanja wa Taifa, kabla haujaitwa Benjamin Mkapa. Ugenini hali ilikuwa nyingine kabisa. Jijini Kinshasa ilifungwa 5-0 na AS Vita, nchini Misri ikafungwa 5-0 na Al Ahly, nchini Algeria ikafungwa 2-0 na JS Saoura, yaani mabao 12 katika mechi 3 bila yenyewe kupata hata la kufutia machozi. Pointi 9 za nyumbani ziliivusha hadi robo fainali, ambako ilitoka suluhu na TP Mazembe jijini Dar es Salaam, halafu ikaenda Lubumbashi ikafungwa 4-1.

Zingatia kwamba kati ya kipigo cha mabao 5 kutoka kwa Al Ahly na ushindi dhidi ya Al Ahly hao hao zilipita siku 10 tu. Wachezaji hawakubadilika uwezo ndani ya siku hizo. Kwa maoni yangu, walichokosa ni namna ya kuishi dakika 90 wakiwa hawana mpira, katika uwanja ambao kelele zote ni za wenyeji, na ambako bao la kwanza likiingia mapema kila mchezaji hutaka kulirudisha peke yake, nafasi zikafunguka, la pili na la tatu yakafuata kabla ya mapumziko.

Sasa tuuangalie msimu wa 2020/21. Didier Gomes alikuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa timu, na mechi ya kwanza ya kundi ilimpeleka kule kule Kinshasa, kwa AS Vita wale wale. Simba ilishinda 1-0 kwa mkwaju wa penalti wa Chris Mugalu. Nchini Sudan ikatoka suluhu na Al-Merrikh, na jijini Cairo ikafungwa 1-0 na Al Ahly. Bao 1 lililoruhusiwa katika safari 3, badala ya 12! Ukabaji wa kiungo Taddeo Lwanga mbele ya mabeki Joash Onyango na Pascal Wawa, huku Aishi Manula akiwa golini, haukuwa mpira wa kumfanya mtu asimame kitini, hilo silibishi. Lakini Simba ilimaliza ikiwa kinara wa kundi kwa pointi 13, juu ya Al Ahly ambayo hatimaye ndiyo ilibeba kombe. Na ile pira biriani, yaani soka la pasi tamu mnalolipenda, haikupotea, maana nyumbani Al-Merrikh ilifungwa 3-0, AS Vita ikafungwa 4-1, na Luis Miquissone akaipiga Al Ahly bao lililotosha.

Unaniuliza moyo wa ushindi unapatikana wapi. Mimi naamini ulizaliwa Kinshasa usiku ule, mchezaji alipotoka katika uwanja uliomdhalilisha miaka miwili nyuma akiwa hajafungwa na ana pointi 3 mkononi. Hotuba za kwenye vyumba vya kubadilishia nguo zina kazi yake, ila mchezaji huamini zaidi kile ambacho mwili wake umekwisha kukipitia. Aliyewahi kushinikizwa nusu saa nzima langoni kwake na asifungwe, safari nyingine hapaparikii mpira anapoupata, kwa sababu anajua kwamba shinikizo lina mwisho wake.

Yupo atakayenikumbusha robo fainali ya msimu huo, ambapo Kaizer Chiefs waliifunga Simba 4-0 Johannesburg. Ni kweli, na tukio hilo linaunga mkono hoja yangu. Marudiano Simba ilishinda 3-0 na ikatolewa kwa tofauti ya bao 1. Laiti ingerudi nyumbani ikiwa imefungwa 2-0 tu, ingefuzu nusu fainali. Watu husema kufungwa ni kufungwa, iwe moja iwe nne. Katika mashindano ya mtoano kauli hiyo huwagharimu sana.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Katika fainali za Mataifa ya Afrika za Ivory Coast, Taifa Stars waliongoza 1-0 dhidi ya Zambia, wakarudi nyuma kulinda bao, wakasawazishiwa dakika ya 88. Bado unasema kujilinda kunalipa? (Mwanafunzi, Mbagala)

JIBU: Marahaba, kijana. Umeshika mahali penyewe, na mechi ile ya Januari 2024 ingali inaniuma. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka alipata nafasi ya kuruka na kufunga kwa kichwa kutokana na kona. Kwangu kule hakukuwa kujilinda. Timu yenye watu 11 inayocheza na watu 10 hujilinda vizuri kuliko yote kwa kuushika mpira, kuupeleka kwenye kibendera cha kona cha mwenzake, kumkimbiza aliyechoka mpaka miguu imuishie. Ukimwachia mpira na kusimama kwenye boksi lako, unamrudishia mchezaji wake wa 11.

Nikuongezee mechi nyingine. Juni 2019, jijini Cairo, Stars waliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, kwanza kwa Msuva na kisha kwa Mbwana Samatta, wakaenda mapumziko wakiwa mbele 2-1, na mwisho wakafungwa 3-2. Ukiziweka mechi hizo mbili pamoja utaona ugonjwa ni ule ule, nao ni kutojua kuongoza. Tahadhari ninayoitetea ina mlango wa kutokea. Mlinzi anapopokonya mpira anajua tayari nani anakimbia na upande gani, hivyo hana sababu ya kubutua tu.

Walioionesha kwa ukamilifu ni Morocco katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022. Kocha Walid Regragui alipewa timu miezi isiyofika 3 kabla ya mashindano, na katika mechi 5 za kwanza lango lake liliguswa mara 1 tu, tena kwa bao la kujifunga dhidi ya Canada. Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 katika dakika 120 wasipate bao, halafu wakakosa penalti zao zote 3. Ureno nao wakafa kwa kichwa cha Youssef En-Nesyri. Ila ukirudia kuzitazama mechi hizo, usimfuate mwenye mpira. Mtazame Sofyan Amrabat jinsi anavyoziba njia kabla pasi haijapigwa, kisha mtazame Azzedine Ounahi, ambaye Morocco wakiupata tu hupenya nao katikati ya watu wawili watatu, Achraf Hakimi akiwa ameshatimka kulia. Wale hawakuwa waoga. Walifika nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yao.

SWALI: Ninafundisha timu ya shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wakifungwa bao la kwanza huinamisha vichwa na mechi huishia hapo. Nifanye nini? (Mwalimu wa michezo, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, mimi ni shabiki, sina leseni ya ukocha, kwa hiyo pokea haya kama ya mtazamaji wa siku nyingi. Katika mazoezi, wagawe timu mbili na uanze mchezo moja ikiwa tayari iko nyuma 1-0 na zimebaki dakika 15. Kesho yake zibadilishe, waliokuwa nyuma wawe mbele. Watajifunza kudai bao bila papara, na watajifunza pia kulinda uongozi, ambalo kwa vijana ndilo gumu zaidi. Amua mapema ni nani atakayeutoa mpira wavuni na kuupeleka katikati mkifungwa, na dakika 5 zinazofuata wacheze pasi fupi na za uhakika, bila mtu kujaribu kupiga chenga watu watatu. Kuhusu kipa, usimfokee ukiwa pembeni mwa uwanja. Mwachie beki wa kati amsogelee na kumwambia neno, maana yeye ndiye aliyeona bao lilivyoingia.