Je, ubatizo wangu ni bure?

SWALI: Mhariri, nilibatizwa utotoni na hadi leo ninasali katika kanisa la wazazi wangu. Shemeji yangu, aliyehamia kanisa jingine, ananiambia kwamba kanisa la kweli ni moja tu, nalo ni lao, na kwamba nisipobatizwa upya sitaokoka. Anadai hata mababa wa Kanisa walifundisha hivyo. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani shemeji yako anamkusudia Sipriani, askofu wa Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, katika karne ya 3, aliyeandika kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Wengi huyanukuu maneno hayo bila kutaja ugomvi ulioyazaa, nao ulihusu jambo hilihili linalokusumbua: mtu aliyebatizwa na kundi lililojitenga, akija kwetu, abatizwe tena? Sipriani alishikilia kwamba abatizwe. Stefano, askofu wa Roma, akasema inatosha kumwekea mikono. Stefano alifariki mwaka 257, Sipriani akauawa kwa ajili ya imani yake mwaka uliofuata, na mwaka 314 maaskofu waliokutana Arles, mji ulio katika Ufaransa ya leo, wakaamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu asibatizwe upya. Sentensi ya Sipriani ikabaki na umaarufu wake, ilhali hoja aliyoitetea kwayo ilishindwa. (Naye, pamoja na kukosana na Roma, anaheshimiwa huko kama mtakatifu.)

Hata Kanisa Katoliki, ambalo halijaacha kujitambua kuwa ndilo lililoanzishwa na Kristo, lilikiri mwaka 1964, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wake), kwamba nje ya mipaka yake yapo mengi ya utakatifu na ya kweli. Tena Yohana alipomweleza Yesu kwamba wamemkataza mtu kutoa pepo kwa jina lake kwa kuwa hafuatani nao, alijibiwa: "Msimkataze" (Marko 9:39).

Shemeji yako atakusomea Waefeso 4:5, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Msikilize, kisha umwombe akueleze huo wa pili unatoka wapi. Akijibu kwamba mtoto mchanga hawezi kuamini, hiyo ni hoja nzito iliyowagawa Wakristo wanyofu kwa karne nyingi, nanyi mnaweza kuketi na Biblia mkaijadili. Lakini akijibu kwamba kasoro ya ubatizo wako ni jina la kanisa lililokubatiza, basi hilo lilikwisha kujibiwa Arles.