Pilipili haina kosa

Swali: Dada muuguzi, tumbo linaniwaka usiku, nikila sombe yenye pilipili ndiyo kabisa. Dokta amenikuta na kijidudu cha pilori, bakteria wa tumboni. Shemeji yangu aliye Kanada anasema hata wenyeji wa kaskazini kule wanacho. Kweli?
Mama wa Kadutu, Bukavu

Jibu: Kweli, mama. Kijijini Aklavik, kaskazini mwa Kanada, wenyeji Wainuvialuiti na Wagwichini walianza kupimwa 2008. Zaidi ya nusu walikutwa nacho. Na pilipili hawalimi! Hupita mdomo kwa mdomo, mara nyingi utotoni, kwenye nyumba zilizojaa watu. Dawa kwa kawaida ni antibiotiki mbili pamoja na ya kupunguza asidi, siku 14. Usikatishe eti umepona. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, acha, huumiza tumbo. Choo kikiwa cheusi kama lami, usiningojee mimi, kimbilia hospitali.