Maswali ya Baiskeli: Mwacheni Mwenye Keria

Shikamoo. Kikundi chetu hutoka Mwenge hadi Bunju kila Jumamosi alfajiri. Siku hizi muuza maziwa mmoja mwenye baiskeli ya Phoenix, ile nzito ya mizigo, anaungana nasi. Wenzangu wanasema anaharibu mwendo na picha. Tumwambieje kwa upole? (Kinondoni)

Marahaba. Mwambieni karibu, basi.

Barua hii imeniuma. Phoenix ina kilo zinazokaribia 20 kabla hajafunga dumu hata moja, haina gia, na bado mnamwona nyuma yenu mkifika Tegeta. Zenu za mbio hazifiki nusu ya uzito huo. Hapo mwenye kuharibu mwendo ni nani?

Kama kasi ndiyo shida kweli, dawa yake mnaijua: gawanyikeni makundi mawili, mpange pa kukutana. Na mkimsubiri mtu juu ya kilima, akifika msiondoke papo hapo. Nimeona mara nyingi wa mbele wamepumzika dakika kumi, na aliyechoka kuliko wote hapati hata moja.

Suala la picha sina la kulitetea. Anayeona keria ni aibu ajue kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye keria ya baiskeli, Busia, abiria walipokuwa wakivushwa kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda, kabla pikipiki hazijaichukua kazi hiyo.

Tena mnalalamika kila siku kwamba njia za baiskeli kando ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, zimevamiwa na pikipiki na meza za biashara. Siku ya kwenda kuzidai mtaulizwa mko wangapi. Bila wauza maziwa, samaki na mkaa, nyinyi ni wachache mno.

Baiskeli gani ni bora? (wasomaji wengi)

Ya kufanyia nini, wapi, kwa fedha kiasi gani? Nimeshaandika mara kadhaa: swali lisilo na mambo hayo matatu silijibu.

Mwenzetu amenunua baiskeli ya umeme. Si anadanganya? (Arusha)

Anakwenda kazini, hashindani na mtu.

Kwa nini msiwakataze kabisa wasio na kofia ngumu? Wanatutia aibu. (Mikocheni)

Kofia ngumu vaa, na mtoto wako mvalishe. Lakini usiigeuze tiketi ya kuingilia kwenye kundi. Mnunulieni asiye nayo, au mwazimeni ya ziada.

Mimi naogopa zaidi breki. Zile za fimbo kwenye rimu za chuma hupoteza nguvu vibaya sana mvua ikinyesha. Mwenye nazo aanze kufunga mapema, aachie nafasi kubwa mbele yake, na raba zikiisha abadilishe siku hiyohiyo. Usiku awe na taa nyekundu nyuma. Anayejali usalama wa wenzake aanze kuwauliza hayo.

Nina miaka 34, naendesha baiskeli kwenda sokoni. Majirani wanasema ni ya wanaume, na kikundi cha hapa mjini kimenijibu "tutakuita". Niache? (Tanga)

Usiache, dada yangu. Baiskeli imekuokolea nauli na muda, na majirani hawatakurudishia hata kimoja. Ukivaa dera au khanga, tafuta fremu isiyo na bomba la juu, uweke kifuniko cha cheni na wavu gurudumu la nyuma, nguo isinaswe.

Hicho kikundi kinachosema "tutakuita" kiseme wazi kwamba hakitaki wanawake, tukijue. Tafuta wanawake wawili watatu wa sokoni, anzeni wenyewe.

Mimi ni fundi. Hawa wenye nguo za kubana wanajidai, nawatoza mara mbili. Kuna ubaya? (Morogoro)

Upo, tena mkubwa. Dharau ya aliye chini kwa aliye juu nayo ni dharau. Kule Kikuyu, nje ya Nairobi, mwendesha baiskeli David Kinjah na vijana wake walimpokea kijana wa Kizungu, wakamfundisha kuendesha pamoja nao. Ndiye Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara 4. Mweleze mteja bei yako kabla hujashika spana, iwe moja kwa wote.

Na solusheni iache ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Wateja wengi wanaorudi kesho yake na pancha ileile, fundi wao aliharakisha hapo.