Bwawa Likigeuka Kijani, Pima pH Kabla ya Kununua Dawa ya Mwani

Wengi wanaonipigia simu kuhusu mabwawa ya kuogelea mitaa ya Kileleshwa, Lavington na Karen huuliza dawa ipi ya mwani ina nguvu zaidi. Nami huwauliza pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake, ni ngapi, na ni wachache walio na jibu. Kazi ya kutunza mabwawa hapa Nairobi imenithibitishia kwamba dawa ya mwani ni kinga. Bwawa ambalo tayari ni la kijani husafishwa na klorini, mradi pH iwe imerekebishwa.

Klorini ikishayeyuka majini huwa katika hali mbili, moja kali na nyingine dhaifu, na pH ndiyo inayoamua ipi itazidi. pH ikiwa 7.2, takriban thuluthi mbili huwa katika hali kali. Ikifika 8, hubaki kama robo tu. Ndiyo maana mtu anaweza kumwaga klorini kila jioni na mwani ukazidi kunawiri.

Majengo mengi jijini hutegemea visima virefu, ambavyo maji yake kwa kawaida yana bikaboneti nyingi ya sodiamu, nayo huipandisha pH tena hata baada ya kuishusha. Maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini ni mepesi, yaani yana madini kidogo, na pH yake huyumba upesi. Kwa hiyo anza kwa kupima alkali, yaani kiasi cha bikaboneti na mfano wake majini, ambayo inafaa iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Ikizidi, tia asidi kidogo kidogo pampu ikiwa inazunguka, kisha usubiri saa kadhaa kabla ya kupima tena. Mwenye pupa huishusha pH kupita kiasi, halafu akalazimika kununua magadi ya kuipandisha.

pH ikishatulia kati ya 7.2 na 7.4, sugua kuta na sakafu kwa brashi, hasa nyuma ya ngazi na kwenye pembe ambako maji hayasogei, kwa maana utelezi unaojitanda huko huukinga mwani. Tia klorini jioni hadi ifike miligramu 10 kwa lita, kwa sababu jua letu huiharibu haraka mno mchana, kisha uache pampu ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi, maji yakiwa na ukungu wa kijivu badala ya kijani, mwani umekufa. Uvute ulioshuka sakafuni na kuutoa nje moja kwa moja, usiupitishe kwenye chujio la mchanga.

Sasa ndipo dawa ya mwani ina kazi, klorini ikishashuka hadi miligramu 3 hivi kwa lita, kwani ikiwa nyingi huvunjavunja baadhi ya dawa hizo. Zile za bei nafuu hutoa povu, na zenye shaba huacha madoa kutani na kuzipa nywele nyeupe rangi ya kijani. Binafsi hulipia zaidi ile isiyotoa povu, na huitia mapema kabla ya mvua za Machi.

Klorini ya unga isikutane kamwe na asidi wala na vidonge vya klorini vya aina nyingine, hata kwa kuchangia kikombe cha kupimia. Unapoiyeyusha, jaza ndoo maji kwanza ndipo utie unga, na waogeleaji wasiingie hadi klorini irudi kati ya 1 na 3.