Kwa mnaoanza zamu kwenye matangi ya kukausha ethanoli

Vijana wengi wanaoingia kiwanda cha ethanoli ya molasi, iwe Kisumu au Muhoroni, hudhani mnara wa kukeneka, yaani wa kutenganisha ethanoli na maji kwa kuchemsha, ndio kazi yote. Mnara utakufikisha kwenye ethanoli ya takriban asilimia 95.6 kwa uzani, kisha utakwama hata uchome bagasi (makapi ya miwa) ya msimu mzima. Pale kwenye nyuzi 78.2 za Selsiasi maji na ethanoli huchemka pamoja kwa kiwango kilekile. Ethanoli ya kuchanganywa na petroli hutakiwa ikauke kupita hapo, ndiyo maana kuna matangi ya zeolaiti, punje za madini zenye vitundu vidogo mno.

Nadharia ni fupi. Vitundu vya punje vina upana wa angstromu 3 (angstromu moja ni milimita ikigawanywa mara milioni kumi). Molekuli ya maji, takriban 2.8, huingia na kunaswa. Ya ethanoli, kama 4.4, hupita nje.

Kinachowashinda wengi ni kulinda punje zenyewe. Mvuke uingie ukiwa umepashwa moto kupita kiwango cha kuchemka. Matone yakifika kwenye punje, punje hupasuka na kuwa unga, na unga huo huziba vichujio huko mbele. Mimi nikiingia zamu huangalia geji ya joto la mvuke kabla hata ya salamu. Wenzangu wameshazoea.

Tangi moja likinyonya maji ya mvuke, jingine huvutwa maji kwa vakyumu huku likipitishiwa sehemu ya mvuke uliokwisha kukauka. Baada ya dakika chache hubadilishana. Hapo usiwe na pupa na vali: presha ikibadilika ghafla, punje huinuka na kusagana. Jifunze pia kusoma joto la ndani ya tangi. Punje zikinasa maji hutoa joto, zikiyaachia hupoa. Ukiona mstari wa joto umelala wakati wa kunyonya, tangi hilo halifanyi kazi, hata skrini iseme kila kitu kiko sawa. Mwite supavaiza.

Halafu sampuli. Ethanoli kavu huvuta unyevu wa hewa, na hapa karibu na ziwa unyevu haukosi. Chupa iwe kavu kabisa, isuuze kwa ethanoli ileile, ijaze, funga papo hapo. Chupa iliyooshwa kwa maji asubuhi ikabaki na umande ndani itawafanya watu wa maabara walaumu tangi zima bure.

Simu iache nje, isije ikaleta cheche. Moto wa ethanoli hauonekani vizuri mchana. Unaweza kuukanyaga kabla hujauona.