Moyo wa mwanasesere unakaa wapi

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleykum mama. Voisi noti yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa soko la samaki Deep Sea kelele za mnada sikushika kitu, ya pili nimo kwenye bajaji, ya tatu ndo usiku nimekaa barazani umeme umekatika, nikakuelewa. Umeniuliza hivi, kitu ambacho hakijawahi kuishi, mdoli au zimwi, nikikichora mifupa na matumbo yake nitajuaje moyo nikiwekee wapi, au nachora uongo tu mama? Afu ukasema kuna mkubwa hapo kazini kaiangalia michoro yako kasema ni michezo ya kitoto. Nilijaribu kukujibu kwa sauti nikaona maneno yananikimbia, bora niandike.

Mi sijasomea kuchora. Lakini ndani ya samaki nimetia mkono miaka 30 na zaidi, tangu hujazaliwa, na nikimpasua samaki matumbo yake yananambia alikuwa anaishi vipi. Chukua tasi. Tasi anakula majani ya baharini, majani hayasagiki haraka, kwa hiyo utumbo wake mrefuu, mwembamba, umezungushwa umezungushwa kama uzi wa mshipi kwenye kijiti, ukiuvuta hauishi. Afu chukua nguru, anakula wenzake, tumbo lake ni mfuko, utumbo mfupi, na mara nyingi unamkuta dagaa mzima mle ndani macho bado yanang'aa. Nifunge kitambaa usoni unipe utumbo mkononi, ntakwambia huyu mla majani huyu mla nyama. Kwa hiyo jibu langu mwanangu ni hili, usianze na moyo. Anza na chakula chake na mwendo wake. Ukishajua anakula nini na anatembeaje utaona moyo umebakiziwa nafasi gani.

Tumchukue zimwi, yule wa hadithi za bibi yako, aliyemeza kijiji kizima na ng'ombe na mbuzi, mwisho akapasuliwa wakatoka wote wazima. Nimemuwaza tangu juzi wallahi. Kama walitoka wazima basi tumbo lile lilikuwa halisagi, ni ghala lile. Kwa hiyo lazima ana matumbo mawili, moja la kuweka na moja la kula, na hilo la kula lifanye dogo halafu tupu, maana angekuwa anashiba asingehangaika kumeza kijiji. Na mbavu je? Zikiwa zimefunga mbele kama zetu ng'ombe hapiti. Muangalie chatu, hana ule mfupa wa katikati ya kifua unaoshika mbavu, zake ziko wazi kwa mbele, ndo maana akimeza mbuzi anatanuka. Zimwi mpe mbavu za chatu. Moyo usimuwekee katikati utapondwa na pembe, upandishe juu karibu na koo. Hayo yote yamo kwenye hadithi yenyewe, mi nimeifuata tu.

Ukiishiwa mawazo njoo nyumbani twende wote Deep Sea alfajiri. Pweza ana mioyo mitatu, damu yake ya buluu, mfupa hana hata mmoja, kigumu alichonacho ni ule mdomo kama wa kasuku, ndo maana tundu likipitisha mdomo na yeye mzima anapita. Dome ana ule mfupa mweupe mgongoni, mwepesi kama karatasi, ndani una vyumba vyumba vya hewa vya kumuelesha. Nguva ambaye watu walimuona kwa mbali wakasema mwanamke, ndani ya lile pezi lake la mbele kuna mkono, vidole vitano kamili.

Na yule samaki silikanti. Unakumbuka ile 2004 walipoanza kutoka kwenye nyavu za majarife huku kwetu, ulikuwa bado mdogo nikakupeleka ukaogopa macho yake. Mkubwa, magamba magumu kama vigae, na yale mapezi yenye nyama yananing'inia kama vimiguu. Sisi tulijua ni samaki tu mbaya wa kuliwa, mafuta matupu. Walipokuja wataalamu ndo wakatuambia huyu dunia nzima ilimhesabu kafa zamani pamoja na dainosaria, miaka milioni 66 huko, mpaka 1938 alipotokea kwenye nyavu za meli kule Afrika Kusini. Na ndani yake sasa! Hana uti wa mgongo wa pingili kama samaki changu, ana bomba limejaa mafuta. Ubongo mdogo mno, fuvu karibu lote ni mafuta. Watoto anawazaa hai. Na akiogelea yale mapezi anayapeleka kulia kushoto kwa zamu, kama mtu anatembea. Mwaka 2009 wakatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapahapa Tanga. Nakwambia haya kwa sababu ungemleta wewe kwenye karatasi huyo mkubwa wenu angesema umezidisha chumvi.

Zile picha ulizonitumia nazo nimezikuza kwa vidole nikaziangalia moja moja. Yule Mmarekani, Jason Freeny, anayechukua mdoli akaacha nusu moja ilivyo na nusu ya pili akaitoa ngozi, ukaona fuvu, mbavu, matumbo. Nimependa alivyomfanya yule kijitu wa LEGO, kichwa chake ni kama kopo, basi na fuvu amelifanya la kukaa ndani ya kopo, hakumuazima mtu fuvu akalisukumia mle. Huyu kamheshimu mdoli wake. Na yule Mkorea, Hyungkoo Lee, aliyeunda mifupa mitupu ya yule paka wa katuni na panya wake, akawapa na majina ya kilatini kama wanyama wa makumbusho kabisa, hadi 2007 akaonyesha kazi zake Venice. Mi huyo ndo kanigusa zaidi, maana hana ngozi wala rangi ya kukusaidia kumtambua, ni mifupa tu, na mtu ukiiangalia unajua huyu yule paka. Hapo ujue mifupa imesema kweli. Wewe katuni zako zile za vidole vinne usije ukawachora mifupa ya vidole vitano kwa mazoea, nimeiona kwenye mchoro wako mmoja, rekebisha.

Ya huku kwetu pia usiyaache. Chora chandimu, ule mpira wa kujitengenezea, aliyepasuliwa katikati. Kaka yako chandimu yake ilipopasuka ndani kabisa kulikuwa na soksi ya baba yenu, juu yake marambo yamekandamizwa, afu kipande cha kanga yangu niliyoitafuta mwezi mzima, afu kamba. Wa sasa hivi hawana rambo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 madogo wa mtaani wanajaza matambara, na mpira umekuwa mzito hauruki kama zamani. Ukiwachora wawili, wa zamani na wa sasa, mtu wa Ngamiani atakaa nao kutwa.

Huyo mkubwa wa kazini mwambie hivi. Si ulinisimulia mwenyewe habari za Galen, tabibu wa zamani, aliyepasua nyani na nguruwe akaandika habari za mwili wa mtu, na watu wakamfuata zaidi ya miaka 1,000 bila kuangalia, mpaka Vesalius alipopasua maiti za watu kwa mkono wake akatoa kitabu 1543 kinaonyesha makosa? Na mifupa kwenye kile kitabu ikachorwa imesimama nje kwenye vilima, mmoja ameegemea meza anatafakari fuvu. Walikuwa watu wazima na kazi zao, na bado waliupa mfupa nafasi ya kusimama na kuwaza.

Sasa limebaki moja langu, nimelichelewesha makusudi. Ulikuwa na miaka 6, nilikushonea mwanasesere, nywele za katani, tumbo la sufi, gauni la kipande cha kitenge. Siku moja narudi nakukuta uwani umempasua kwa kisu changu cha samaki, sufi imetapakaa mpaka kwenye ndoo ya maji, nikakuchapa. Ulikuwa unalia unasema namtafuta moyo, namtafuta moyo. Mi nikasikia ukaidi. Kazi yangu kutwa kupasua viumbe niangalie ndani, na mwanangu alipofanya hivyohivyo nikamchapa. Limenikaa miaka yote mama, nisamehe.

Mwanasesere yupo, nilimshona siku ileile kwa uzi mweusi wa nyavu nikamuweka kwenye sanduku. Jana nimemfumua. Nimechambua sufi taratibu kwenye sinia, na upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, kuna mbegu ya msufi, nyeusi, kama punje ya pilipili manga. Kisu chako kilipita pembeni yake, haikufika hata upana wa kidole.

Namtuma na basi la kesho asubuhi, mpokee Mbezi saa 7. Tumboni sijamshona, na mbegu nimeirudisha palepale.

Mama yako